Kipimo cha homoni ya panya kikigoma: anza na stendadi, damu baadaye

"Mwalimu, hii seti ya kipimo ni mbovu."

Hivyo ndivyo mazungumzo mengi yanavyoanza kwenye meza yangu hapa Kampala. Anayeongea huwa ameshika karatasi ya usomaji iliyotoka kwenye mashine dakika tano tu zilizopita. Wengi wanaonijia ni wanafunzi wa uzamili kutoka Tanzania, Kenya na mashariki mwa Kongo, kwa hiyo Kiswahili ndicho lugha yetu ya kazi kuanzia asubuhi. Mwongozo huu nimeuandika kutokana na matatizo wanayoniletea mara kwa mara. Ninazungumzia hasa projesteroni kwenye seramu (maji ya damu iliyoganda) ya panya kwa njia ya ELISA, kipimo cha kingamwili na rangi kinachofanyika kwenye pleti, sahani yenye visima vidogo 96. Ila mengi yanafaa pia kwa testosteroni, estradioli na LH, homoni inayochochea yai kutoka. Panapotofautiana nitasema.

Panya ninaowasema ni wale wadogo weupe wa maabara, wa gramu 25 hivi. Panya wa uzito huo ana damu isiyozidi mililita 2 mwilini mwote. Ukichukua damu ya mwisho moyoni, naye akiwa chini ya dawa ya usingizi, unapata mililita 0.6 hadi 1, na ukishaizungusha kwenye sentrifuji seramu inabaki nusu yake au chini. Visima viwili vya projesteroni peke yake vinaweza kumeza mikrolita 100. Hesabu mwenyewe una nafasi ngapi za kukosea kabla panya huyo hajawa amekufa bure.

Ndiyo maana sheria ya kwanza kwangu ni hii: usipakie sampuli ya panya kwenye pleti kabla stendadi, yaani vimiminika vyenye kiasi cha homoni unachokijua, hazijakubali. Pleti nyingi huja na kanda 12 za visima 8, na kila ukanda unachomoka. Chukua ukanda mmoja: visima viwili vitupu, viwili vya stendadi sifuri, viwili vya stendadi ya katikati, viwili vya stendadi ya juu. Ukanda huo ukisoma vizuri, tatizo litakalojitokeza baadaye kuna uwezekano mkubwa linatoka kwenye damu. Ukisoma vibaya, tatizo liko kwenye vimiminika au mkononi mwako, na seramu yako bado iko salama kwenye friza.

Na kabla ya yote, jua kipimo chako kinasoma upande gani. Projesteroni, testosteroni na estradioli ni molekuli ndogo, hivyo hupimwa kwa ushindani: homoni ya panya inagombea nafasi na konjugeti, yaani homoni iliyofungwa kwenye kimeng'enya. Homoni ikiwa nyingi, rangi inapungua. LH na mwenzake FSH, homoni inayokuza mayai, ni protini kubwa, hubanwa katikati ya kingamwili mbili. Homoni ikiwa nyingi, rangi inaongezeka. Nimeona tasnifu nzima ikiwa karibu kwenda kwa msimamizi huku majike wenye mimba wakionekana hawana projesteroni, kwa sababu tu grafu ilisomwa kichwa chini.

Dalili: pleti nzima haina rangi, au rangi ni hafifu kila mahali

Sababu inayoongoza ni hatua iliyorukwa. Konjugeti haikuwekwa, au ilizimuliwa mara 100 badala ya mara 10. Uliza aliyefanya kazi akusimulie alichofanya, usimwonyeshe karatasi ya maelekezo kwanza; akisimulia kwa kumbukumbu, hatua iliyorukwa hujitokeza yenyewe.

Inayofuata ni TMB, ile sabstreti inayogeuka bluu. Ikitoka kwenye friji ikiwa bado ya baridi, inafanya kazi polepole. Iache mezani, gizani, dakika 30.

Kama hatua zote zilifuatwa, fanya jaribio la tyubu. Weka mikrolita 100 za TMB kwenye tyubu safi, dondoshea mikrolita 1 ya konjugeti, tikisa. Ikigeuka bluu papo hapo, vyote viwili vina uhai na kosa liko kwenye pleti au kwenye mfuatano wa hatua. Isipogeuka, kimoja kimekufa. Kilichobaki kwenye tyubu kimwage. Kamwe usikirudishe kwenye chupa.

Konjugeti hufa kwa njia tatu ninazokutana nazo hapa. Joto la safarini: boksi limetua Entebbe, likakaa likisubiri karatasi, likafika na vile vifuko vya barafu vikiwa maji ya uvuguvugu. Siku ya kupokea, gusa vifuko hivyo kabla hujasaini, andika hali yake, piga picha. Njia ya pili ni azidi ya sodiamu. Watu huiweka kwenye bafa (myeyusho wa kuzimulia na kuoshea) ili isiote ukungu, lakini inaua peroksidesi, kile kimeng'enya cha konjugeti, hata ikiwa kidogo. Ya tatu ni maji. Maji ya bomba ya Kampala yanatoka ziwani, yanasafishwa kwenye mitambo kama ya Ggaba na kutiwa klorini ili tuyanywe salama. Klorini hiyo hiyo haipatani na peroksidesi. Bafa ya kuoshea izimuliwe kwa maji yaliyotoneshwa, na maji ya chupa ya dukani hayahesabiki kuwa hivyo hata lebo iseme nini.

Dalili: rangi imejaa kila mahali, hata kwenye visima vitupu

Hapa mkosaji mkuu ni uoshaji. Konjugeti isiyoondolewa inabaki kwenye kona za kisima na kuipaka TMB yote bluu. Jaza kisima hadi karibu na mdomo, mikrolita 300 hivi, acha sekunde 30, mwaga kwa kishindo, rudia idadi iliyoandikwa, kisha gonga pleti juu ya karatasi za kufutia hadi zisionyeshe tena alama za duara zenye unyevu. Kama unatumia mashine ya kuoshea, jaza pleti tupu kwa maji na uitazame kwa usawa wa macho. Mrija ulioziba utauona mara moja, kisima chake kina maji pungufu kuliko jirani zake.

Baada ya hapo angalia TMB yenyewe. Imimine kidogo juu ya karatasi nyeupe. Ikiwa tayari ina ubluu, mtu alichovya pipeti yenye konjugeti ndani ya chupa, na hakuna namna ya kuiokoa.

Sababu ya tatu ni joto la chumba. Maelekezo mengi yanaposema "joto la chumba" yanamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Chumba chenye paa la bati saa nane mchana hakimo humo. Weka kipimajoto mezani, fanya kazi asubuhi, na andika joto kwenye daftari kila mara. Safu hiyo moja ya namba imeshanitatulia mafumbo mengi kuliko simu zote nilizowahi kumpigia muuzaji.

Tahadhari: kimiminika cha kusimamisha rangi ni asidi, mara nyingi ya salfuriki. Kikiruka jichoni, acha pleti, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatiza, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Dalili: visima viwili vya sampuli moja havikubaliani

Tofauti ya asilimia 10 kati ya nakala mbili ni mpaka ambao wengi wetu tunaukubali. Ikizidi hapo kwenye visima vingi, usichukue wastani na kuendelea.

Anza na mkono. Seramu ni nzito kuliko maji: ivute polepole, acha ncha ndani ya kimiminika sekunde moja, itoe ukigusa ukuta wa kisima. Badilisha ncha kila sampuli. Kisha pima pipeti yako. Weka kikombe kidogo kwenye mizani inayosoma hadi miligramu 0.1, tia maji yaliyotoneshwa mikrolita 50, mara 10, ukiandika kila uzito. Mikrolita 1 ya maji ni takriban miligramu 1, kwa hiyo unatarajia 50 kila mara. Namba zikiwa 47, 47, 47, pipeti ina uthabiti lakini inahitaji kurekebishwa. Zikiwa 46, 52, 49, 44, ama mkono bado haujatulia ama mpira wa ndani umechoka. Mpe mtu mwingine arudie na pipeti ile ile, utajua ni lipi. Usifungue pipeti na kukaza skrubu ya kurekebishia kwa kubahatisha. Peleka kwa fundi mwenye cheti au maabara ya urekebishaji, na baada ya hapo pima tena mwenyewe.

Inayofuata ni muda, nayo huwashangaza wengi. Ukitumia sekunde 10 kwa kisima kimoja, visima 96 vinakula sekunde 960, yaani dakika 16. Kama TMB inatakiwa kukaa dakika 15, basi kisima cha kwanza kimeshaiva kabla hujafika cha mwisho. Dalili yake ni rangi inayofifia taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Tumia pipeti ya midomo 8 kwa TMB na kwa asidi, na asidi ifuate mpangilio na mwendo ule ule uliotumia kwa TMB. Kama huna pipeti hiyo, endesha kanda chache kwa wakati mmoja.

Visima vya pembezoni vikisoma tofauti na vya katikati, pleti ilipata joto bila usawa: imetoka kwenye friji na kuingia kazini, au imewekwa karibu na dirisha lenye jua. Ifunike, iweke mbali na feni.

Mwisho wa mstari huu kuna nyuzi za fibrini. Ukizungusha damu kabla haijaganda vizuri, nyuzi nyembamba huendelea kujitokeza ndani ya seramu na kuziba ncha ya pipeti. Damu ya panya iache dakika 30 hadi 60 kwenye joto la chumba ndipo uizungushe. Ukiona uzi, zungusha tena. Usiuvute kwa ncha ukidhani umeusafisha.

Dalili: stendadi ni nzuri, lakini panya wote wanasoma juu

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo kazi za watu zinapopotelea.

Mwanafunzi mmoja aliniletea matokeo ya panya 24. Stendadi zake zilikuwa safi, nakala zake zilikubaliana, kazi ya mkono ilikuwa ya kupendeza. Ila panya wote walikuwa na projesteroni ya juu, makumi ya nanogramu kwa mililita, kiwango unachotarajia kwa jike mwenye mimba ya siku 12 au zaidi. Kati ya hao 24 kulikuwa na madume 8. Nikamuuliza, "Mwanangu, hawa madume nao wana mimba?" Akanyamaza, akainamia karatasi. Kosa halikuwa lake. Alikuwa amefuata kila neno la maelekezo, na seti ilikuwa nzima.

Tulichukua boksi tukasoma sentensi moja ambayo wengi huiruka: pleti imepakwa nini. Ilikuwa imepakwa kingamwili ya mbuzi inayokamata kingamwili ya panya, na kingamwili inayoitambua projesteroni ilitengenezwa kwa panya. Kwa seramu ya ng'ombe au ya binadamu mpango huo hauna shida. Lakini seramu ya panya imejaa kingamwili za panya mwenyewe, miligramu kadhaa katika kila mililita. Zinafika kwenye pleti, zinajaza nafasi zote, na ile kingamwili ya kipimo inakosa pa kushika. Rangi inashuka, na kwenye kipimo cha ushindani rangi ya chini inatafsiriwa kuwa homoni nyingi. Panya walikuwa wakipima kingamwili zao wenyewe.

Kwa hiyo, dalili hii ukiiona, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, soma karatasi ya seti. Pleti ikiwa imepakwa kingamwili ya kukamata sungura au kondoo, uko mahali pazuri. Ikiwa ni ya kukamata panya, sampuli ghafi ya panya haifai humo.

Pili, zimua. Chukua seramu moja, izimue mara 2, 4, 8 na 16 kwa bafa ya kipimo, soma kila moja, zidisha kurudi nyuma. Namba zikikaribiana, tofauti isizidi asilimia 20, kipimo kinaona homoni. Zikiwa 60, kisha 41, kisha 25, kisha 14, kipimo kinaona kitu kingine. Jaribio hili linakula seramu kidogo tu na ndilo ninaloliamini kuliko yote.

Tatu, ondoa homoni kwa mkaa. Seramu ya panya, hata ya mabaki uliyochanganya pamoja, changanya na mkaa uliopakwa dekstrani, uache usiku kucha kwenye nyuzi 4, zungusha, chukua maji ya juu. Mkaa huondoa steroidi, yaani homoni kama projesteroni, lakini kingamwili zinabaki. Seramu hiyo inatakiwa isome karibu na sifuri. Siku ile tulipoisoma, ilisoma juu karibu sawa na ile ambayo haikuguswa mkaa. Hapo mwanafunzi wangu aliinua uso.

Nne, jaribio la kuongeza. Sampuli inasoma nanogramu 2 kwa mililita, unaongeza 5, unatarajia 7. Ukipata 6.6, umerudishiwa 4.6 kati ya 5, yaani asilimia 92, na hiyo ni nzuri. Kati ya asilimia 80 na 120 wengi tunapita.

Zipo sababu nyingine zinazotoa dalili hii, japo si mara nyingi. Seramu nyekundu, ambayo chembe zake zilipasuka kwa sindano nyembamba au kwa kuvuta kwa nguvu. Seramu nyeupe kama maziwa, ya panya aliyekula mafuta mengi. Hizi uzipange kwa rangi kabla ya kupima, uandike kwenye daftari, ili usije ukazitafutia maelezo baadaye.

Na kuna vizio. Nanogramu 1 kwa mililita ya projesteroni ni nanomoli 3.18 kwa lita. Ukiona panya wako ni mara tatu ya panya wa makala unayojilinganisha nayo, angalia kizio kwanza.

Suluhisho la ndani zaidi, na mahali pa kusimama

Dawa ya kingamwili zinazoingilia ni kuitoa homoni kwenye seramu kwa etha ya diethili. Steroidi huyeyukia kwenye etha, protini zinabaki kwenye maji. Unatia etha mara 5 ya ujazo wa seramu, unatikisa, unaacha tabaka zitengane. Etha ni nyepesi kuliko maji, hivyo inakaa juu. Unaivuta, unaikausha, unayeyusha mabaki kwenye bafa ya kipimo. Mwanafunzi wa wale panya 24 alifanya hivyo kwa seramu iliyobaki, madume wakashuka, majike wakatawanyika kama inavyostahili. Kila mara pitisha na seramu uliyoongezea kiasi unachokijua, uone kinarudi asilimia ngapi.

Lakini etha haifanyiwi mzaha. Mvuke wake ni mzito, unatambaa mezani na kushika moto kutoka kwa cheche iliyo mbali nawe. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvutia hewa linalofanya kazi kweli. Shika kipande cha karatasi laini mlangoni mwake uone kama kinavutwa ndani. Usiigandishe kwenye friza ya kawaida: swichi ya joto iliyo ndani hutoa cheche, na friza hugeuka bomu. Pasiwe na jiko, mwako wala jenereta inayowashwa jirani.

Chupa ya etha ya zamani, iliyokaa wazi, au yenye ukoko au fuwele kwenye kifuniko: usiifungue, usiisogeze, usiitikise. Ndani yake huenda kuna peroksidi zinazolipuka. Toka, funga mlango, mwite ofisa usalama wa kemikali. Kama taasisi yako haina kabati la kuvutia hewa, usijaribu njia hii kwenye veranda. Nunua seti ambayo pleti yake haikamati kingamwili ya panya. Ni ghali, lakini ndiyo njia sahihi.

Dalili: panya wote wanasoma chini, au chini ya stendadi ya mwisho

Swali la kwanza ni seti ilitengenezewa nani. Projesteroni ni molekuli ile ile kwa panya, ng'ombe na binadamu, kwa hiyo jina la mnyama kwenye boksi halina uzito sana. LH na FSH ni protini, nazo hutofautiana kwa kila mnyama. Seti ya LH ya hospitali, ya binadamu, haina sababu ya kuiona LH ya panya. Na hCG, homoni ya mimba ya binadamu, usiitafute kabisa, panya hana homoni hiyo. Nimekuta mtu ameichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani.

Swali la pili ni saa. LH ya jike hupanda kwa ghafla jioni ya proestrasi, siku inayotangulia joto, karibu na wakati taa zinapozimwa, kisha inashuka. Hapa kwetu karibu na ikweta giza linaingia kwenye saa moja jioni mwaka mzima. Ukichukua damu saa tatu asubuhi kwa sababu ndipo watu wapo kazini, huo mpando hutauona hata upime panya mia. Mzunguko wenyewe ni wa siku 4 hadi 5, hivyo chukua majimaji ya uke kila asubuhi kwa wiki mbili kabla, yapake kwenye kioo, yatie rangi, yatazame: chembe bapa zisizo na kiini zikijaa, yuko kwenye joto, chembe nyeupe ndogo zikijaa, yuko daiestrasi, kipindi cha mapumziko kati ya joto na joto.

Ukikuta majike wote wamekwama daiestrasi, angalia wanavyoishi. Majike wengi wakifungiwa pamoja bila dume karibu, mizunguko hurefuka au husimama. Weka kwenye kizimba chao matandazo machafu ya dume, na wengi wataingia joto usiku wa tatu. Angalia pia taa ya ulinzi inayopenya dirishani usiku. Ingia chumba cha panya saa nne usiku, zima tochi, simama dakika tano. Ukiweza kusoma namba za vizimba, na wao hawana usiku.

Sababu ya tatu ni tyubu. Zile tyubu zenye jeli ya kutenganisha seramu hunyonya projesteroni kadiri zinavyokaa. Tumia tyubu za kawaida, hamisha seramu mapema.

Estradioli inahitaji maneno yake. Kwa panya huwa ni pikogramu chache kwa mililita, na vipimo vingi vya ELISA haviwezi kuisoma kwa uaminifu kwenye seramu ghafi, hata karatasi ya seti iahidi nini. Kama swali lako linasimama juu ya estradioli, kipimo cha kuaminika ni cha mashine ya kupima uzito wa molekuli. Kwa nia tu ya kujua kama panya alikuwa na estrojeni, uzito wa mfuko wa uzazi na chembe za uke vitakujibu kwa uhakika zaidi.

Dalili: pleti ya leo haikubaliani na ya wiki iliyopita

Katika kila pleti weka seramu moja ya kontroli, uliyoichanganya nyingi na kuigawa kwenye vitubu vidogo siku ya kwanza. Bila hiyo hutajua kama waliobadilika ni panya au kipimo. Tofauti yake kati ya pleti na pleti ikizidi asilimia 15, simama.

Hapa kwetu umeme ndio wa kushukiwa kwanza. Unakatika usiku, jenereta haiwaki, friza inayeyuka na kuganda tena kabla mlinzi hajabadilishana zamu. Asubuhi kila kitu ni kigumu na hakuna anayejua. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kikae ndani ya friza. Ukiikuta sarafu imezama, sampuli ziliyeyuka. Steroidi huvumilia kuyeyuka mara moja. LH usiiamini tena. Friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe hazifai kwa sampuli hata umeme ukiwa hodari.

Baada ya friza, angalia namba ya toleo la seti. Toleo jipya, grafu mpya. Usitumie stendadi za boksi moja na konjugeti ya boksi jingine.

Kisha mashine ya kusomea. Soma pleti tupu kwa nanomita 450: visima vyote vinapaswa kuwa chini, karibu 0.04 hadi 0.05, na vifanane. Soma pleti yenye rangi mara tatu mfululizo. Namba zikihama, taa imechoka au volteji inayumba. Weka UPS na kidhibiti volteji, safisha vioo vya nje kwa kitambaa kikavu, ishia hapo. Kifuniko cha mashine afungue fundi wa vifaa vya maabara, maana ndani kuna vioo ambavyo alama ya kidole kimoja huviharibu. Kumbuka pia kwamba mashine nyingi haziaminiki usomaji wa rangi ukipita 3. Visima vilivyo juu ya hapo havina namba ya kutegemea.

Dalili: kila kitu kiko sawa, ila madume hawalingani

Hii huja kwa testosteroni. Dume mmoja ana nanogramu 0.4 kwa mililita, jirani yake wa kizimba kimoja ana 12. Nakala zinakubaliana, kuzimua kunakubali, kontroli iko mahali pake. Basi amini. Testosteroni ya panya hutoka kwa mipigo, na dume anayetawala kizimba huwa juu ya wanaomkimbia. Usimfute aliye juu kwa sababu anaharibu grafu. Pima uzito wa vifuko vya manii, ambavyo hufuata testosteroni ya wiki nzima na si ya dakika ile, na uviweke kwenye jedwali pamoja na homoni.

Ukiona idadi ya panya haitoshi kwa utawanyiko huo, kuongeza panya si uamuzi wa kufanyia mezani. Rudi kwenye kamati ya maadili iliyokupa kibali, pamoja na daktari wa mifugo na mtu wa takwimu, kabla hujamgusa panya mwingine. Vivyo hivyo kama unataka kupeleka seramu nje ya nchi: anza na UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda) na taasisi yako mapema, kwa sababu sampuli zikishawekwa kwenye barafu kavu muda unahesabika, na kibali hakiharakishwi kwa kuwa barafu inaisha.